Maswali ya Wasomaji: Gemu ya Mkononi Ilipohamia Sebuleni

Barua za mwezi huu karibu zote zinagusa kitu kimoja: mashine ya gemu unayoichezea kitandani, kisha unaichomeka kwenye TV na kuendelea palepale ulipoishia. Nintendo Switch ndiyo iliyoufanya mtindo huu uwe wa kawaida tangu Machi 3, 2017. Sasa kuna Switch 2, Steam Deck na ndugu zake. Hapa tunaziita konsoli mseto, na kile kitako cha kuziunganisha na TV tunakiita doki. Barua tumezifupisha, majibu mengine yamegoma kufupika.

Nikiweka Switch kwenye doki, picha ya TV inakuwa safi kuliko ile ya mkononi. Rafiki yangu anasema ndani ya doki kuna chipu ya kuongeza nguvu. Ni kweli?
*Msomaji, Morogoro*

Hapana. Ukiifungua doki ya Switch ya kwanza utakuta kibao kidogo cha saketi cha kupokea umeme na kupeleka picha kwenye HDMI, basi. Chipu ya michoro ni Tegra X1 ya Nvidia, iko ndani ya konsoli yenyewe, na ni ileile ukiwa kitandani au sebuleni. Kinachobadilika ni mwendo wake. Mkononi huwa inaenda megahezi 307 hadi 460, kutegemea gemu. Ukiichomeka kwenye doki, inapanda hadi 768.

Utauliza, kwa nini isikimbie hivyo muda wote? Kwa sababu betri yake ni mAh 4310, yaani kama wati-saa 16 tu. Chipu ikila wati nyingi, betri inaisha mapema na joto linafika kwenye viganja vyako. Kwenye doki umeme unatoka ukutani na hakuna aliyeishika. Ndiyo maana The Legend of Zelda: Breath of the Wild huchorwa kwa mistari 720 mkononi na 900 kwenye TV. Mashine ni moja, bajeti ya umeme ni mbili. Ukilishika hilo, mengi yanayofuata katika safu hii yatajieleza yenyewe.

Switch 2, iliyotoka Juni 5, 2025, inafuata kanuni hiyohiyo: megahezi 561 mkononi, 1007 kwenye doki. Skrini yake ni inchi 7.9 yenye mistari 1080, na kwenye TV inaweza kutoa 4K. Lakini mara nyingi 4K hiyo haichorwi nukta kwa nukta. Konsoli inachora picha ndogo, kisha teknolojia ya Nvidia iitwayo DLSS inaikuza kwa kukisia nukta zilizokosekana. Na doki ya Switch 2 kweli ina kitu cha ziada ndani. Rafiki yako alikaribia, ila ni feni.

Kwa walio pwani: Nintendo wanataka konsoli itumike kwenye joto la nyuzi 5 hadi 35. Mchana wa Februari, Dar es Salaam au Mombasa, ndani ya kabati la TV lenye mlango wa kioo, nyuzi 35 zinapitwa bila taabu. Itoe nje ya kabati, na tundu la juu linalotoa hewa ya moto lisifunikwe na kitambaa.

Nilinunua doki ndogo ya bei nafuu. Konsoli inachaji lakini TV haionyeshi kitu. Mwingine ananitisha kwamba itaunguza Switch yangu. Nifanye nini?
*Msomaji, Nakuru*

Anza na chaja kabla ya kuilaumu doki. Switch ya kwanza haitoi picha kwenye TV mpaka ipate volti 15 na ampea 2.6, ambazo ni wati 39. Chaja ya simu ya volti 5 au 9 itajaza betri polepole, ila picha hutaiona. Switch 2 inataka zaidi: chaja yake ni ya wati 60, volti 20 kwa ampea 3. Kwa hiyo chaja ya zamani haitaendesha doki mpya, na Switch 2 haifanyi kazi kwenye doki ya Switch ya kwanza hata ikiingia.

Chomoa chaja pande zote mbili, ukutani na kwenye doki, usubiri nusu dakika. Chomeka chaja kwenye doki kwanza, kisha HDMI, kisha ukutani, ndipo uweke konsoli. Hakikisha TV iko kwenye tundu sahihi la HDMI. Ikigoma, badilisha waya wa HDMI; waya uliokunjwa nyuma ya TV kwa miaka huwa ndio mchawi. Na kama konsoli yako ni Switch Lite, usipoteze hela zaidi. Lite haitoi picha kwenye TV kabisa, hata kwenye doki ya kampuni yenyewe.

Kuhusu kuungua, hofu ina msingi. Mwaka 2018, baada ya sasisho la 5.0, Switch kadhaa zilikufa zikiwa kwenye doki za makampuni mengine. Doki ambayo haizungumzi lugha ya USB-C ipasavyo inaweza kupeleka volti pasipostahili, na anayeumia kwanza ni chipu ndogo iitwayo M92T36, ile inayopatana na chaja juu ya volti. Fundi mwenye kipimo cha USB-C anaitambua mara moja: chaja halisi ikichomekwa, kipimo kinabaki kwenye volti 5 na hakipandi hadi 15. Chaji ikipanda vizuri lakini picha ndiyo haiji, mshukiwa wa pili ni chipu iliyoandikwa P13USB. Zote mbili hubadilishwa kwa hewa ya moto, na si kazi ya mtu wa kubahatisha.

Tundu la doki likilegea pia ni hatari, maana pini zikiegama zinagusana. Doki inayocheza-cheza konsoli ikiwa ndani yake, achana nayo.

Sisi tuliokulia kwenye PSP tunauliza: konsoli ndogo ya mkononi tu, ya kuweka mfukoni, imekufa?
*Mpenzi wa PSP, Zanzibar*

Kama kitu chenye gemu zake peke yake, ndiyo. Sony walisimamisha utengenezaji wa PS Vita mwaka 2019 na Nintendo wakafanya vivyo hivyo kwa 3DS yao mwaka 2020. Hakuna kampuni kubwa iliyotoa mrithi wa aina ile.

Wazo la mseto lenyewe ni la zamani. Sega Nomad ya mwaka 1995 ilicheza kaseti zilezile za konsoli ya nyumbani na ilikuwa na tundu la kupeleka picha kwenye TV. Ilikula betri sita za ukubwa wa AA na kuzimaliza ndani ya saa chache, haikufika mbali. PSP yako nayo, kuanzia toleo la 2007, iliweza kuunganishwa na TV. Wii U ya 2012 ilikuwa na pedi yenye skrini, lakini ukitoka nayo chumbani picha inakatika, kwa sababu kazi yote ilifanyika kwenye boksi lililo chini ya TV. Wote hao walikuwa na wazo sawa, ila chipu za wakati wao zilikula umeme mno kwa kazi ndogo. Chipu za simu ndizo zilizokuja kubadilisha hesabu.

Jambo la pili halionekani dukani. Zamani Nintendo walikuwa na timu za mkononi na timu za sebuleni, kila moja na gemu zake. Mwaka 2013 waliunganisha wahandisi wa mashine, na 2015 wakaunganisha watengenezaji wa gemu. Ndipo ikawezekana gemu zao zote kubwa ziende kwenye mashine moja, na Switch ikauzwa zaidi ya milioni 150. Mtoto wa leo haelewi ukimwambia kuna gemu "ya mkononi" na gemu "ya TV". Kwake ni gemu.

Kinachokuja kimegawanyika. Kuna njia ya kompyuta ndogo: Steam Deck tangu Februari 2022, kisha ROG Ally na Legion Go mwaka 2023, ambazo zinabeba gemu ulizokwisha nunua kwenye kompyuta. Na kuna njia ya PlayStation Portal ya Novemba 2023, skrini ya inchi 8 isiyochora gemu yenyewe, bali inapokea picha kutoka PS5 yako kupitia Wi-Fi. Sony wanataka angalau megabiti 5 kwa sekunde na wanapendekeza 15. Kwa maoni yetu, huku kwetu njia hii ya pili bado ni ya nyumbani tu, PS5 na Portal zikiwa kwenye ruta moja. Kwa bando la simu inakubali na kukataa.

Tulichopoteza, na hapa tunakubaliana nawe, ni mfuko. PSP iliingia kwenye suruali. Switch 2 ikiwa na pedi zake ina gramu 534, Steam Deck ya kwanza 669, Legion Go 854. Hizi ni za begi.

Nina hela ya mashine moja. Nacheza mpira zaidi ya kitu kingine. Nichukue Steam Deck au Switch 2? Wenzangu wote wananiambia Deck ina nguvu.
*Mwanafunzi, Eldoret*

Ndugu, ngoja kwanza. Steam Deck inaendeshwa na SteamOS, ambayo ni Linux. Gemu za Windows huchezeka kwa kupitia mkalimani aitwaye Proton, na nyingi mno zinachezeka vizuri. Lakini EA Sports FC (zamani FIFA) za miaka ya karibuni zinakuja na mlinzi wa kuzuia udanganyifu anayekataa Linux. Utainunua, utaipakua yote, na haitafunguka. Kwa mchezaji wa mpira hilo peke yake linatosha kuiondoa Deck kwenye orodha, labda uweke Windows ndani yake, kazi ambayo hatumshauri anayeanza. ROG Ally inakuja na Windows, kwa hiyo inaweza. Kwa FC 26 hakikisha Secure Boot, ulinzi wa kompyuta wakati wa kuwaka, imewashwa.

Upande wa Switch nako kuna mtego, hasa ukinunua kadi za mtumba. FIFA 20 hadi 23 za Switch zinaitwa Legacy Edition: uchezaji ni uleule wa nyuma, wamebadilisha jezi na vikosi tu. FC 24 ndiyo iliyoleta injini mpya kwenye Switch. Anayekuuzia FIFA 23 ya Switch kwa bei ya gemu mpya anakupa shati la zamani lenye kitufe kipya.

Kwa wanaocheza vitu vingine, Deck ni mashine nzuri sana, na hapa tukae kidogo. Chipu yake inaruhusiwa kula hadi wati 15. Ongeza skrini, Wi-Fi na feni, jumla inazidi 20. Betri ya toleo la kwanza, la skrini ya LCD, ni wati-saa 40: gawanya, unapata saa mbili hivi kwa gemu nzito. Toleo la skrini ya OLED la Novemba 2023 lina wati-saa 50 na chipu isiyokula sana, kwa hiyo linasogea mbele. Ila usiiache ijiamulie. Bonyeza kitufe cha nukta tatu upande wa kulia, nenda kwenye alama ya betri, weka kikomo cha fremu (picha) 40 kwa sekunde, kisha washa kikomo cha wati na ushuke kutoka 15 hadi 10. Cheza dakika tano. Kama fremu hazikuanguka, shuka hadi 8. Gemu nyingi za pande mbili, zile za kukimbia na kuruka, zinatosheka na wati 4 hadi 5, na hapo saa za kucheza zinaongezeka mara mbili au zaidi.

Kabla ya kununua gemu yoyote angalia alama yake: kijani imethibitishwa, njano inachezeka kwa marekebisho, na yenye alama ya katazo iache. Fahamu pia kwamba Valve, watengenezaji wake, hawaiuzi Deck rasmi Afrika Mashariki. Dhamana itakuwa ya nchi ilikonunuliwa, na kuirudisha ni kazi.

Mimi ni fundi simu. Naletewa pedi za Switch zinazokwenda zenyewe. Nimebadilisha kijiti mara mbili kwa mteja mmoja, tatizo linarudi. Kosa liko wapi?
*Fundi, Mbeya*

Kosa pengine liko kwenye kijiti unachoweka. Kijiti cha kawaida kina ulimi mdogo wa chuma unaosugua njia ya kaboni. Kila mzunguko unakwangua kidogo. Njia inalika, unga wake unabaki palepale, na konsoli inasoma kwamba kijiti kimesukumwa wakati hakuna aliyekigusa. Ukiweka kijiti kipya cha aina ileile, umenunua muda tu. Tafuta kijiti cha sumaku, kinachojulikana kwa jina la Hall. Ndani yake hakuna kinachosuguana.

Hata hivyo usifungue kabla ya kujaribu haya: sasisha pedi, kisha ingia mipangilio ya konsoli, sehemu ya pedi na vihisi, ukasawazishe vijiti. Ikishindikana, inua kile kisketi cha mpira chini ya kijiti, dondoshea tone moja au mawili ya spiriti ya asilimia 90 au zaidi, zungusha kijiti mara ishirini, uache robo saa. Vumbi likiwa ndilo tatizo, litapona. Kaboni ikiwa imelika, siku chache linarudi.

Kwa pedi ya kushoto: zima, itoe kwenye konsoli. Skrubu nne za nyuma ni za mabawa matatu, bisibisi yake ni Y00. Ukitumia ya msalaba utazivua vichwa. Fungua kama kitabu, taratibu, kwa sababu nusu mbili zimeungwa na tepe za waya. Nyanyua betri kwa kipande cha plastiki, chomoa soketi yake kabla ya kugusa kingine chochote. Chini ya betri kuna fremu iliyoshikwa na skrubu tatu za msalaba, bisibisi PH000. Igeuze pembeni na tepe ya kitufe cha ZL ikiwa juu yake. Sasa unaona kijiti: tepe moja yenye kifuniko cha kunyanyua, na skrubu mbili. Nyanyua kifuniko kwa ncha ya plastiki, vuta tepe, fungua skrubu, kijiti kinatoka.

Hapo kwenye kifuniko ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Ni chembamba kama ukucha wa mtoto, na kikivunjika tepe haishiki tena. Unaporudisha, ingiza tepe hadi mstari wake ufichike, ndipo ulaze kifuniko. Tepe ikiingia nusu, kijiti kitaenda juu na chini lakini kushoto na kulia hakitaenda, na utadhani kijiti kipya ni kibovu. Malizia kwa kusawazisha upya. Kijiti cha sumaku kisiposawazishwa kinaweza kuonekana kinahama hata kikiwa kipya.

Pedi za Switch 2 zinashikwa kwa sumaku kwenye konsoli, lakini usichanganye: vijiti vyake si vya Hall, bado ni vya kusuguana. Kuzifungua ni kugumu zaidi kwa sababu ya gundi. Kwa sasa mwambie mteja wako aiache chini ya dhamana.

Huku kisiwani tunatumia sola: betri moja ya volti 12, Ah 100, na inveta. Je, naweza kuendesha konsoli na TV jioni? Na pawabenki inasaidia?
*Msomaji, Ukerewe*

Inawezekana, na hapa ndipo mseto unapoishinda konsoli ya kawaida waziwazi. Betri yako ni volti 12 mara Ah 100, wati-saa 1200. Ikiwa ni ya asidi, usitumie zaidi ya nusu, vinginevyo utaiua mapema. Baki na 600.

TV ya LED ya inchi 32 tuiwekee wati 50. Switch kwenye doki haifiki 20, weka 15. Jumla 65, na inveta inapoteza kama asilimia 15, kwa hiyo betri inatoa wati 76 hivi. Gawanya 600: karibu saa nane. Weka PS5 mahali pa Switch, ambayo kwenye gemu nzito inakula kama wati 200, na hesabu ileile inakupa saa mbili tu.

Kuchaji konsoli ya mkononi hakuhitaji inveta. Nunua chaja ya gari ya USB-C yenye PD (Power Delivery, mfumo wa kuchaji kwa wati nyingi) ya wati 45, iunge moja kwa moja na betri kupitia fyuzi ya ampea 10, karibu na ncha chanya. Unaokoa ile asilimia inayopotea inveta ikigeuza 12 kuwa 230 halafu chaja irudishe chini tena.

Pawabenki: namba ya mAh 20,000 ni ya volti 3.7, yaani wati-saa 74. Kwa upotevu, zinazotoka ni kama 60. Hizo zinajaza Switch ya kwanza mara tatu, Switch 2 mara mbili na nusu, na Deck ya OLED mara moja. Hakikisha imeandikwa PD na wati ngapi. Kwa Deck chukua ya wati 45. Ya wati 18 itachelewesha tu betri kuisha ukiwa unacheza.

Na ukiiweka konsoli kabatini, ichaji angalau mara moja kila miezi sita. Betri iliyokauka kabisa inaweza kukaa kwenye chaja zaidi ya robo saa kabla ya skrini kuonyesha chochote. Watu wengi huikatia tamaa dakika ya tano.

Shemeji yuko Japani, ameona Switch 2 kwa bei ya chini sana. Mwingine wa Muscat anaipata kwa bei ya juu. Nichukue ya wapi?
*Dada wa Tanga*

Dada, hiyo ya bei ya chini ina sababu. Japani wanauza matoleo mawili: moja lilitoka 2025 kwa yeni 49,980, mfumo wake ni Kijapani tu na linakubali akaunti za Japani pekee; la pili, la lugha nyingi, lilitoka kwa yeni 69,980. Kama nyumbani hamsomi Kijapani, liacheni la kwanza. Hakuna mipangilio ya kulibadilisha baadaye. Ya Muscat itakuja na plagi ya pini tatu kama zetu. Ya Japani ina plagi ya bapa mbili, inahitaji adapta ya plagi tu kama chaja imeandikwa 100–240V.

Switch ya kwanza haina tatizo hilo la lugha. Ukiipata ya mtumba, angalia ukingo wa chini usome namba ya mfululizo (serial number): ikianza na XKW ni toleo la 2019 linalokaa saa 4.5 hadi 9. Ikianza na XAW ni la mwanzo, saa 2.5 hadi 6.5. Kisha, mbele ya muuzaji, iunge na intaneti ufungue duka la gemu. Ikikataa kwa namba 2124-4007, imefungiwa na Nintendo kwa sababu ya mwenye nayo wa awali, na haitafunguliwa. Washa gemu yoyote, iweke kwenye doki, izungushe vijiti vyote viwili. Dakika kumi zinatosha.

Mwanangu wa miaka kumi ana Switch 2. Nimemnunulia kadi ya gemu, bado inataka intaneti! Na memori ya GB 128 niliyotoa kwenye simu haikubali. Nimeibiwa?
*Mama wa mtoto mmoja, Kigamboni*

Hukuibiwa, mama, ila maandishi kwenye boksi ni madogo. Baadhi ya kadi za Switch 2 hazina gemu ndani. Zina ufunguo tu. Unachomeka, gemu inapakuliwa yote, na baada ya hapo kadi lazima iwe ndani kila mara anapocheza. Intaneti inahitajika mwanzo. Tafuta alama ya ufunguo sehemu ya chini ya boksi kabla ya kulipa, kwa sababu kupakua makumi ya GB kwa bando la simu kunaweza kukugharimu kuliko ulivyotarajia. Nenda nayo kwenye Wi-Fi ya ofisi au ya jirani mwenye faiba, ukaiache usiku.

Memori ya simu itasomwa kwa picha na video tu. Gemu za Switch 2 zinataka kadi ya microSD Express, yenye safu mbili za pini mgongoni; ya simu ina safu moja. Nazo zimeanza kughushiwa. Ukinunua, ijaribu kwenye kompyuta kwa programu ya H2testw kwa Windows au F3 kwa Linux na Mac: inaijaza kadi hadi mwisho kisha inasoma kama kilichoandikwa kipo. Kadi feki huandika bila kulalamika na kupoteza kila kitu baada ya GB chache.

Jambo moja la mwisho kwako: hatua alizofikia mtoto kwenye gemu hukaa ndani ya konsoli, hazikai kwenye kadi. Kadi ikipotea atanuna siku mbili. Konsoli ikifutwa bila nakala, ndipo utamsikia.

Kwa nini nisichomeke tu simu yangu kwenye TV na pedi ya Bluetooth? Si ni mseto huohuo?
*Msomaji, Kigali*

Ni mseto, ikiwa tundu la simu yako linatoa picha. Simu nyingi za bei ya kati zina USB-C ya kasi ya 2.0, inayopitisha chaji na data tu, na adapta ya HDMI haitafanya kitu. Samsung za mfululizo wa S zinatoa, nyingi za mfululizo wa A hazitoi. iPhone kuanzia 15 zinatoa. Tafuta kwenye maelezo ya simu neno DisplayPort kabla ya kununua adapta. Na nunua adapta yenye tundu la kuchajia, kwa sababu simu inayocheza na kupeleka picha kwa pamoja inamaliza betri kabla mpira haujafika mapumziko.